Mzimu na Hati ya Shamba: Riwaya ya Kutisha Tunayo, Ila Tumeipa Jina Jingine



Huku Al-Suwaidi, kusini-magharibi mwa Riyadh, vijana wetu wanaokuja kufanya kazi wana hoja moja ambayo nimeisikia mara nyingi mpaka nimeona bora niiandikie. Tangu majumba ya sinema yafunguliwe tena Saudia mwaka 2018, wao mwisho wa wiki huenda kuangalia filamu za kutisha za Kimarekani. Mnazijua: familia inahamia nyumba ya shamba, mahindi yamezunguka pande zote, baba anaanza kubadilika tabia, mtoto anazungumza na mtu asiyeonekana. Wakirudi, chai ikishamiminwa, wanasema: wenzetu wana fasihi ya kutisha, sie hatuna. Kiswahili, ati, kina mapenzi, upelelezi na siasa, basi.

Mimi nasema tunayo, tena nzuri, tena imeandikwa na watu wazito. Tatizo letu ni kwamba tumeiweka kwenye kabati jingine. Skuli tulifundishwa kuiita "riwaya ya kijamii", tukapewa orodha ya dhamira tukariri, tukajibu mtihani, tukapita. Hakuna aliyetuuliza: hivi wewe, ulipofika ukurasa ule usiku, hukuogopa? Nami naamini kwamba msomaji anayekubali kuogopa ndiye anayeiona historia iliyomo ndani.

Hoja yangu ni moja. Katika riwaya zetu kitisho kinakaa shambani, ndani ya familia ya wakulima, na ukikifuata mpaka kilipotokea unakuta suala la ardhi: ni ya nani, nani atairithi, na nani atalaumiwa watu wakianza kufa. Nitaanza visiwani, kisha tuvuke mpaka Ziwani, na mwisho nirudi kidogo huku Arabuni tulipo.

Mwaka 1957 na 1958 East African Literature Bureau iliendesha shindano la kuandika hadithi kwa Kiswahili. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, kwa hadithi yake "Mzimu wa Watu wa Kale", iliyochapishwa 1960. Sote tunamjua kwa Bwana Msa na kiko chake, na wahakiki wamemfanya baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Sawa, sina ugomvi na hilo. Lakini hebu angalieni alikuwa nani kazini. Kuanzia 1958 mpaka alipostaafu 1968 alikuwa mhariri wa "Mkulima", gazeti la kilimo. Yaani mtu aliyetuandikia mzimu ni mtu ambaye kutwa alikuwa na habari za mashamba mezani kwake.

Katika hadithi ile maiti ya tajiri inakutwa penye mzimu, pahala ambapo watu hawapakaribii ovyo, na jambo jepesi kwa kila mtu ni kusema mizimu imemchukua. Bwana Msa anakataa. Muuaji ni mtu, na ana sababu za kibinadamu. Wahakiki wengi wamelisoma hilo kama ushindi wa akili juu ya ushirikina, na wamesoma vizuri. Ila kuna jambo la pili. Mzimu katika hadithi ile umetumika kama pazia. Kuna mtu alijua kwamba wenzake wakiogopa hawatauliza maswali.

Sasa itieni hadithi hiyo ndani ya mwaka wake. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini mashamba ya mikarafuu yalibaki kwa wenyewe. Waliokuwa watumwa, pamoja na wageni waliotoka bara, wakabaki humo kama maskwota. Makubaliano yalikuwa hivi: skwota anapalilia chini ya mikarafuu, na kwa malipo hayo anaruhusiwa kupanda mihogo na mazao mengine ya muda mfupi. Miti ya kudumu haruhusiwi, kwa sababu kwetu mti ndio ushahidi wa umiliki. Mtu alizaliwa pale, akaoa pale, akazika wazee wake pale, lakini hana hata mnazi mmoja wa kuuita wake. Halafu ukaja uchaguzi wa Julai 1957, siasa ikaingia mashambani, na wenye mashamba kadhaa wakaanza kuwafukuza maskwota waliowaona ni wa chama kingine. Watu wakaambiwa wang'oe mihogo yao waondoke.

Sisemi kwamba riwaya ile inahusu maskwota. Nasema ilizaliwa mwaka uleule ambao swali la "huyu yupo hapa kwa haki gani?" lilikuwa likiulizwa katika kila shamba la Unguja. Mzimu wa watu wa kale ni nini, kwani? Ni dai la wale waliokuwepo mwanzo. Hauna karatasi, hauna wakili, lakini kila mmoja anajua kwamba upo na anapita mbali.

Jambo hilo linatoka wazi zaidi katika "Nyota ya Rehema" ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1976. Rehema ni binti wa mwenye shamba, lakini amezaliwa na rangi ambayo baba yake hakuitarajia, na kutoka hapo nyumba nzima inaharibika. Mapenzi yanageuka shaka, shaka inageuka mateso, na mtoto anakua ndani ya nyumba ambayo damu yake mwenyewe inamkana. Baada ya kuzunguka sana na dunia anaangukia mikononi mwa Sulubu, mkulima, mtu wa jembe. Wawili hao wanaishika ardhi, wanaifyeka, wanaipa jasho lao, na kwa muda msomaji anapumua. Kisha wanakuja wenye madai ya mirathi. Mambo yanaishia damu.

Kwangu mimi sehemu inayotisha si ile ya damu. Ni ile furaha ya katikati. Msomaji anayezijua taratibu za ardhi za visiwani anajua tangu mwanzo kwamba furaha ile haina miguu, na anawaangalia Rehema na Sulubu wakipanda huku akitamani kuwapigia kelele. Hiyo ndiyo kazi ya riwaya ya kutisha popote duniani: msomaji anajua mlango usifunguliwe, na mhusika anaufungua.

Kitabu kilitoka wakati Mapinduzi ya Januari 1964 yana miaka 12, ardhi imeshataifishwa na zaidi ya familia 20,000 zimeshapewa eka tatu tatu. Mwandishi angeweza kuandika juu ya ushindi. Akachagua kurudi nyuma kwenye jeraha. Miaka miwili baadaye, 1978, Adam Shafi alitoa "Kasri ya Mwinyi Fuad", na humo kuna Kijakazi, mtumishi wa nyumba anayepigwa na kutukanwa na bwana wake na bado anamuabudu. Tulifundishwa kwamba Kijakazi anawakilisha tabaka lisilojitambua. Inawezekana. Lakini mimi kila nikimsoma, mwili unanisisimka. Ni mtu ambaye nyumba ya bwana imeingia ndani yake, na hata mlango ukiwa wazi hatoki.

Haya, tuvuke. Kutoka mikarafuu mpaka mihogo ya Ukerewe ni safari ndefu, lakini ndugu zangu, kisiwa kile kidogo cha Ziwa Viktoria ndicho kilichotupa riwaya nzito kuliko mahali pengine popote bara. Ni kwao Aniceti Kitereza, aliyemaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, hadithi ya Myombekere na Bugonoka, ambayo ilitoka kwa Kiswahili 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ni kwao Gabriel Ruhumbika, aliyehamia Marekani na kufundisha huko. Na ni kwao Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944, akafundisha Dar es Salaam na kisha Botswana, akafariki Januari 2020.

Kuna mwanahistoria, Gerald Hartwig, aliyefanya utafiti Ukerewe miaka ya 1960, na yeye na mkewe Charlotte ni miongoni mwa waliohangaika ili kazi ya Kitereza ijulikane. Mwaka 1971 alichapisha makala yenye hoja ambayo kila mwalimu wa fasihi ya Kiswahili angepaswa kuijua. Anasema hofu ya uchawi Ukerewe haikuwa ileile tangu zama na zama. Iliongezeka katika karne ya 19, pale biashara ya masafa marefu ilipoingia. Pembe za ndovu zikatoka, bidhaa na utajiri mpya vikaingia, na maradhi mapya yakaja pamoja navyo. Watu wakawa wanakufa kwa namna ambayo wazee hawakuizoea, na wakati huohuo jirani mmoja ametajirika ghafla na mwengine hana kitu. Watu wakatafuta sababu, na wakaitafuta karibu, ndani ya ukoo na kwa jirani.

Hilo ni muhimu sana. Linatuambia kwamba uchawi, kwa maana ya hofu inayoua, una tarehe. Si "mila ya Mwafrika" isiyo na mwanzo. Ni historia ya familia za wakulima zilizopigwa na mabadiliko ambayo hazikuyaelewa, zikapelekeana lawama.

Katika udongo huo ndimo alimokulia Kezilahabi. Riwaya yake ya kwanza, "Rosa Mistika", ilitoka 1971 na ikazuiwa isisomwe mashuleni. Kila mtu alizungumzia mambo ya wanaume na mimba. Wachache walizungumzia nyumba yenyewe: Zakaria, baba mlevi, Regina, mama anayebeba kila kitu, na Rosa, mtoto wa kwanza, anayepigwa na baba kwa sababu ya barua ya mvulana. Ni nyumba ya wakulima ambamo anayetakiwa kulinda ndiye anayeogopwa. Mwisho wake ni vifo.

Lakini kitabu ninachotaka tukae nacho ni cha pili, "Kichwamaji", cha 1974. Hapo ndipo ninapowaambia vijana wa Al-Suwaidi: someni hiki, kisha mje mniambie kama hatuna.

Msimulizi ni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, mtoto wa kijijini. Kumbukeni wakati. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1961 kikiwa na kitivo cha sheria peke yake, na Kezilahabi mwenyewe alikuwa pale kati ya 1967 na 1970. Mtoto wa mkulima kufika huko lilikuwa jambo la kijiji kizima. Familia za Kanda ya Ziwa ziliuza pamba, ziliuza ng'ombe, ziliwanyima wadogo ili mkubwa asome. Kwa lugha ya kilimo, zilipanda mbegu moja na kungojea mavuno.

Sasa angalieni Kezilahabi anavyoyageuza mavuno hayo. Manase, kijana mwengine aliyesoma na kupanda cheo, amemharibu Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anakufa. Mama anakufa. Kazimoto anapanga kulipa kisasi kupitia Sabina, dada yake Manase, lakini kisasi kinageuka mapenzi na mapenzi yanageuka ndoa. Nyumbani kwa Manase anazaliwa mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, na hilo ndilo jina la kitabu. Ugonjwa wameuleta vijana wenyewe, ndani ya miili yao, kutoka kwenye starehe za usomi na mji. Kisha zamu inafika nyumbani kwa Kazimoto. Mtoto wake naye ni kichwamaji. Kazimoto anajiua.

Hakuna jini hata mmoja ndani ya mkondo huo. Hakuna anayehitajika. Kila kifo kina sababu inayoelezeka, na bado ukisoma unahisi kwamba kuna kitu kinaifuata familia ile, kinaingia mlango mmoja baada ya mwengine. Kijijini uchawi unanong'onwa. Msomi anajua habari za maradhi. Basi elimu yake inamsaidia nini? Haimsaidii chochote, manake maarifa yamekuja wakati mtoto ameshazaliwa. Ndiyo maana nasema kitisho cha kitabu hiki ni cha mirathi. Katika "Nyota ya Rehema" watu wanagombea ardhi ya kurithi. Katika "Kichwamaji" kinachorithishwa ni ugonjwa, na anayerithi hajui hata kusema.

Wahakiki wa wakati ule walimlaumu Kezilahabi kwamba amekata tamaa. Ilikuwa zama za Azimio la Arusha la 1967, na mwandishi alitarajiwa aonyeshe njia. Nawaelewa. Lakini mtu aliyekulia Ukerewe, akaona ukoo unavyotafutana uchawi kila msiba, angeandikaje kwa furaha tu? Na mwaka ule uleule wa 1974 ndipo operesheni za kuhamishia watu vijijini zilipopamba moto. Yeye mwenyewe aliziandikia "Gamba la Nyoka", iliyotoka 1979. Mamilioni ya watu walihamishwa baina ya 1973 na 1976. Wengi waliacha mashamba yao, miti yao, na makaburi ya wazee wao. Mnayakumbuka maneno yangu juu ya mti kuwa ushahidi wa umiliki? Bara, kaburi ni ushahidi pia.

Hapa sasa naomba mnivumilie, nitoke kwenye vitabu kidogo, manake mambo haya hayakuishia kwenye karatasi.

Mtafiti Simeon Mesaki alichapisha takwimu kwamba baina ya 1970 na 1984 Tanzania Bara iliuawa watu zaidi ya 3,600 katika mambo yaliyohusishwa na uchawi. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya mauaji ilikuwa Usukumani, ng'ambo ya maji kutoka Ukerewe. Wengi walikuwa ajuza. Macho yao mekundu, yaliyoharibika kwa miaka mingi ya kupikia moshi wa kuni na samadi, yalihesabiwa kuwa ushahidi. Na hii ni miaka ileile ambayo "Kichwamaji" ilikuwa mikononi mwa wasomaji.

Sheria ilikuwepo. Sheria ya Uchawi ya 1928, iliyotungwa na Waingereza, ilifanya kosa kuwa mchawi na pia kosa kumwita mtu mchawi ovyo, na ikampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha mtuhumiwa akaishi pengine. Yaani serikali haikuamini uchawi, lakini iliweza kumuondoa bibi kizee shambani kwake ili kijiji kitulie. Jamani, hilo peke yake ni riwaya.

Kisha kuna sheria ya pili ambayo watu wa fasihi hatuiangalii kabisa: Tamko la Sheria za Mila la 1963, lililoandika mila za mirathi za makabila mengi ya bara. Humo mjane hana fungu katika mali ya marehemu mumewe iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Anaachwa atunzwe na watoto wake. Binti anaweza kurithi ardhi aitumie maisha yake, lakini ya ukoo haruhusiwi kuiuza. Kwa hiyo fikirieni ajuza anayeishi peke yake juu ya shamba ambalo mpwa au shemeji analitaka. Kisheria hawezi kuliuza akaondoka. Anangojewa afe. Na akichelewa kufa, na mtoto wa jirani akaugua, ni nani atakayetajwa na mpiga ramli?

Sisemi kila mauaji yalitokana na shamba. Yapo yaliyotokana na msiba tu, na uchungu, na waganga waliotaka fedha. Lakini watafiti wameutaja urithi mara nyingi mno kwa sisi kuupuuza. Na mahakama nayo ililigusa swali lenyewe. Mwaka 1990, Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake na kuliuza uzeeni ili apate matumizi. Mpwa wake alitaka uuzaji ubatilishwe. Jaji akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza, kwa sababu Katiba imekataza ubaguzi. Hukumu ile inafundishwa katika vyuo vya sheria mpaka nje ya Afrika. Katika madarasa ya fasihi ya Kiswahili sijaisikia ikitajwa, na mimi naona ndiyo ufunguo wa nusu ya riwaya zetu.

Ruhumbika aliiona njia hii. Riwaya yake "Janga Sugu la Wazawa", iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, inakamata uchawi moja kwa moja, ndani ya jamii ya Wakerewe, kizazi baada ya kizazi, mpaka zama za UKIMWI. Kichwa chenyewe kinasema: ni janga, ni sugu, na ni la wazawa. Halifanyi jambo la mapambo wala la mzaha. Linaua. Karibu wakati huohuo, 2001, Said Ahmed Mohamed, mwana wa Pemba aliyefundisha Osaka na Bayreuth, alitoa "Babu Alipofufuka". Humo mkubwa mmoja wa serikali, ambaye jina lake ni herufi tu, K, anajiwa na babu yake aliyekufa na kurudishwa shamba alikotoka, aone watu wake wanavyoishi. Tazameni mzunguko ulivyokamilika. Mwaka 1960 mzimu ulikuwa pazia la muuaji. Mwaka 2001 mzimu ndiye shahidi, na aliye hai ndiye anayejificha.

Nilisema nitarudi Arabuni. Wenyeji wetu hapa nao wana kisa chao. Abdul Rahman Munif, aliyezaliwa Amman 1933 kwa baba Msaudia na kunyang'anywa uraia wa Saudia 1963, alitoa 1984 juzuu ya kwanza ya riwaya yake ya miji ya chumvi, na kwa miaka mingi vitabu hivyo vilipigwa marufuku huku. Inaanza katika bonde la mitende. Wageni wa mafuta wanakuja na mitambo, mitende inang'olewa, na Miteb al-Hathal, mkulima aliyekataa, anapanda ngamia wake na kutoweka. Baada ya hapo watu wanamuona usiku, anatokea na kupotea. Hakuna anayejua kama yu hai. Alipoondolewa shambani akawa mzimu. Na huko Mexico, Juan Rulfo alikuwa ameshaandika "Pedro Páramo" mwaka 1955, kijiji kizima cha wafu wanaozungumza, na juu yao mwenye ardhi mmoja aliyekiacha kife kwa hasira zake.

Nawatajia hao ili mjue kwamba njia yetu si ya kando. Popote ardhi ilipohama mkono kwa nguvu, waandishi wameona wafu wakitembea. Al-Suwaidi si mbali na Wadi Hanifa, bonde lililokuwa la mashamba ya mitende kabla mji haujalimeza, na ambalo ukarabati wake ulipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan mwaka 2010. Ukipita pale Ijumaa jioni, familia zimetandika mazulia zinakunywa kahawa chini ya mitende, pametulia kabisa. Lakini kila mtende mkongwe pale una ukoo uliokuwa ukiumwagilia maji.

Basi tufanye nini? Mimi napendekeza mambo mawili kwa walimu miongoni mwetu, maana wengi humu tunafundisha Kiswahili nchi za watu. La kwanza, tuache kuzifundisha riwaya hizi kwa orodha ya dhamira peke yake. Mwanafunzi aulizwe: uliogopa wapi, na uliogopa nini? Akijibu kwa ukweli, atajikuta anaeleza historia ya ardhi bila kujua. La pili, tuzisome pamoja na sheria za wakati wake. "Nyota ya Rehema" na habari za maskwota. "Kichwamaji" na makala ya Hartwig. "Janga Sugu" na hukumu ya 1990. Vijana wataona kwamba hofu ina mtu anayefaidika nayo, na hilo ni somo ambalo linaweza kumuokoa bibi wa mtu huko kijijini, manake wanafunzi wetu ndio watakaokaa kwenye vikao vya ukoo kesho, ndio watakaoulizwa nani kamroga nani.

Ndiyo hoja yangu. Najua sikugusa Lamu na Mombasa, wala Kongo ya mashariki, ambako kuna mambo mazito. Mwenye kuijua riwaya au hadithi ya huko inayoingia katika mnyororo huu, familia ya wakulima, shamba na hofu, tafadhali aitaje kwa jina na mwaka, tuongeze. Na anayeona kwamba nimelazimisha ardhi pale ambapo pana mapenzi na wivu tu, aseme pia, tubishane kwa vitabu.

Wasalaam.